Mama Mdogo, ninunue mashine ya mkate au nimsikilize mume wangu?

Shikamoo Mama Mdogo,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kimyakimya, leo yamenifika na mimi. Naishi Tabata na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe ambaye tuko naye tangu mwaka juzi. Kazi yangu ni ya ofisini, Posta, kwa hiyo saa kumi na mbili kasoro asubuhi niko kituoni nasubiri gari. Mwezi huu zamu yangu ya mchezo imefika. Nimeshika laki sita mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe hakuna ada inayonisubiri wala daftari la Mangi lenye jina langu. Nikasema safari hii najinunulia kitu changu, na kitu chenyewe ni mashine ya kuoka mkate.

Nimeiona Kariakoo, mpya, ndani ya boksi lake, shilingi 380,000. Unatia maji, unga, hamira, chumvi, unabonyeza, unakwenda zako. Baada ya saa tatu na kitu unatoa mkate umeiva. Kwenye duka jingine la vitu vya mtumba iko ya 120,000, ila ile imechubuka pembeni na muuzaji hakuwa na kitabu chake cha maelekezo, nikaogopa.

Hesabu nimepiga. Kwetu mkate mkubwa wa gramu 600 ni 2,000. Siku za kazi tunakula mmoja, Jumamosi na Jumapili miwili miwili. Kwa mwezi hiyo ni kama 76,000 inayokwenda kwa Mangi. Kwa hiyo hata ile mpya inajilipa ndani ya miezi mitano, na baada ya hapo mkate ni wa bure. Isitoshe, majirani zangu wawili wameshaniambia wataninunulia. Nikiuza hata mikate mitano kwa siku si haba.

Nilipomweleza mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akafungua kabati la chini pale jikoni, akaanza kunitembeza kama mwongoza watalii: "Hapa amelala mashine ya juisi, 2019. Hapa mashine ya bisi. Huyu wa kukaangia bila mafuta bado mgeni, alizikwa Krismasi." Halafu akaniuliza hii mpya nitaichimbia wapi. Si mtu mbaya, Mama Mdogo, usimfikirie vibaya. Ila maneno yale yaliniuma kwa sababu yana ukweli ndani yake.

Mama mkwe naye akadakia kutoka sebuleni kwamba mkate wa mashine hauna mwenyewe, na kwamba enzi zao mwanamke alikuwa anajulikana kwa mkono wake kwenye unga. Mkono wangu kwenye unga nao siku hizi wa shida. Chapati za Jumapili nakanda nikipumzika, vidole vinakufa ganzi, nabadilisha mkono, basi zinapikika. Lakini hilo tuliache.

Nataka uniambie ukweli: hii mashine inafaa, au nataka tu kununua kitu kwa sababu hela ipo?

Mpenda Mkate, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hesabu yako, maana umeipiga kama mtu aliyeshika hela ya mchezo. Umechukua bei yote ya mkate wa Mangi ukaiita faida. Unga nani atakupa? Hamira je? Mashine haili hewa.

Chukua mkate mmoja wa kawaida wa mashine hizi. Unaingia unga gramu 450, maji mililita 290 hivi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, kijiko kimoja na nusu cha sukari, kijiko cha chai na nusu cha chumvi, na nusu ya ile pakiti ndogo ya hamira ya chenga ya gramu 11. Kwa kilo ya unga ya 2,000, unga peke yake ni 900. Hamira ukinunua pakiti ndogo ya 500, nusu yake 250. Mafuta, sukari na chumvi tuseme 235. Umeme watu wanauogopa bure: mashine inakula chini ya nusu uniti kwa mkate, kwa sababu muda mwingi imekaa tu ikisubiri unga uumuke, na ule moto wenyewe unawaka kama saa moja mwishoni. Kwa uniti ya 356 weka 140. (Kama mita yenu iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, angalia usivuke. Mkate wa kila siku unaongeza uniti kama 12.)

Jumla 1,525. Unaokoa 475 kwa kila mkate, siyo 2,000. Gawa 380,000 kwa 475 unapata mikate 800. Ukioka tisa kwa wiki kama mnavyokula sasa, ni mwaka mmoja na miezi minane. Lakini mtu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro haoki tisa kwa wiki, mwanangu. Wiki ya kwanza ataoka tisa. Wiki ya sita ataoka minne, na kwa minne hiyo mashine mpya itajilipa baada ya karibu miaka minne, ikiwa bado hai.

Utasema mkate wako utakuwa na gramu 700, umemzidi Mangi. Kweli. Ila kuna jambo ambalo hakuna muuzaji atakuambia: mkate wa moto hauna hesabu. Mkate wa dukani watoto wanachukua slesi mbili wanaondoka. Wa nyumbani unatoka kwenye mashine na harufu yake imeshafika kwa jirani, siagi inayeyuka yenyewe, na kabla hujaketi umebaki ule upande wa chini wenye shimo. Mimi nimeoka mkate saa kumi jioni nikiuwekea kesho, na magharibi naokota makombo. Kwa hiyo ile gramu mia ya ziada isahau, na ikiwezekana hesabu mkate na nusu kwa kila mkate.

Biashara nayo ifute. Mashine inatoa mkate mmoja kila baada ya saa tatu na nusu. Mikate mitano ni saa kumi na saba na nusu za mashine kuunguruma, na bado familia yako haijala. Anayetaka kuuza mkate ananunua oveni.

Hapo mume wako ameshinda, sivyo? Ngoja kidogo.

Kwenye barua yako kuna sentensi umeipita mbio kama mtu anayepita mbele ya mdai wake. Umesema vidole vinakufa ganzi ukikanda, ukamalizia "hilo tuliache." Hatuliachi. Kama ganzi hiyo iko kwenye dole gumba na vidole viwili vinavyofuata, na hasa kama kuna usiku inakuamsha ukakung'uta mkono, nenda ukamwone daktari. Mishipa ya fahamu inayopita kwenye kifundo cha mkono inabanwa, na mtu anayeshinda kwenye kompyuta kisha akaja kukanda unga anaipa kazi mara mbili. Usisubiri mpaka kikombe kikudondoke.

Na hapohapo ndipo mawazo yangu kuhusu mashine yako yanapogeuka. Wewe na mume wako mnabishana juu ya kuoka. Kuoka si shida ya mtu yeyote, hata jiko la mkaa linaoka. Shida ya mkate ni kukanda, na hii mashine, chini ya hilo jina zuri, ni mkandaji.

Hata walioiunda walikwama hapohapo. Kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo leo tunaijua kwa jina la Panasonic, ilikuwa inahangaika miaka ya themanini na mashine yake ya kwanza: ganda linaungua, ndani mbichi. Mfanyakazi wao mmoja wa upande wa programu, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Osaka International Hotel. Akakuta kwamba yule mwokaji hakandi kwa kugandamiza tu. Anauvuta unga huku anausokota. Ndipo wakatia mbavu ndani ya chombo, ili kile kibawa cha kukandia kikizunguka unga ushikwe na mbavu na kuvutika. Mwaka 1987 mashine ikaingia sokoni. Ukichungulia ndani ya chombo utaziona hizo mbavu, zimesimama kwenye kuta. Siri yote iko pale, moto si kitu.

Ushahidi wa pili uko jikoni kwangu. Yangu nililetewa na mdogo wangu kutoka Uingereza. Ilioka vizuri miaka mitano, halafu siku moja ikatoa kitu cheupe, kimeumuka, kibichi kabisa: waya wa moto umekufa. Fundi akaniambia kifaa chake hakipo, nitupe. Sikutupa. Leo ni mwaka wa tatu haiwezi kupasha hata maji, na bado iko juu ya kaunta kwa sababu inanikandia. Ina ile programu ya kukanda na kuumua tu, saa moja na nusu. Natoa donge lililoshiba, naligawa maandazi, au nalitia kwenye sufuria iliyopakwa mafuta nalioka kwa mkaa, moto kidogo chini na mwingine nimepalia juu ya mfuniko, kama mama yangu alivyokuwa anaoka mkate wa kumimina pale Tanga. (Mkate wa kumimina wenyewe usiujaribu kwenye mashine. Ule ni uji wa mchele na tui, hauna cha kukandwa.)

Na chapati zako za Jumapili: tia nusu kilo ya unga, maji ya uvuguvugu, chumvi, mafuta, washa programu ya kukanda, dakika kumi na tano zikipita izime. Usingoje iumue, chapati haina hamira. Unapata donge laini kuliko ulilolizoea, la chapati nane mpaka kumi. Kwa nyumba yenu ni mizunguko miwili. Wakati inakanda wewe unakata vitunguu, au, Mungu akipenda, umekaa.

Kwa hiyo swali lako silijibu kwa shilingi 475. Nyumba inayokanda mara tatu au nne kwa wiki, iwe mkate, maandazi au chapati, na anayekanda ana mikono inayouma, mashine hii ina kazi pale. Nyumba inayotaka mkate tu imwachie Mangi.

Lakini 380,000 usitoe. Na ya 120,000 usiikimbilie kesho, kwa sababu lile kabati la chini nalo ni shahidi na halijasema uongo.

Fanya hivi kwanza, wiki tatu, bila kununua chochote ila hamira. Usiku ukishaosha vyombo, changanya kwenye bakuli kubwa unga gramu 400, chumvi kijiko kidogo cha chai kilichojaa, hamira robo ya kijiko cha chai, maji mililita 300 na kidogo. Koroga kwa mwiko dakika moja mpaka unga mkavu usionekane. Usikande! Litakuwa donge baya, limelegea, linanata. Funika, tia kwenye friji, lala. Mwokaji mmoja wa New York, Jim Lahey, aliwashangaza watu mwaka 2006 na mkate wa namna hii, lakini jambo lenyewe ni jepesi: ngano ikikaa na maji kwa saa nyingi inajifunga yenyewe, kazi ya mikono inafanywa na muda. Yeye huliacha donge juu ya meza saa kumi na mbili mpaka kumi na nane. Dar ukiacha hivyo utaamka ukute pombe, ndiyo maana nimesema friji. Jioni ukirudi kazini unalitoa, unalikunja mara mbili tatu kwa mkono wenye unga, unaliacha saa moja na nusu lichangamke, unaoka kwenye sufuria nzito yenye mfuniko.

Wiki tatu, mara tatu kwa wiki. Kama ukifika mwisho bado unatamani kuoka, basi wewe ni mtu wa mkate na mashine haitazikwa. Kama wiki ya pili umeshaanza kusema "leo nimechoka, Junior kimbia dukani," umejiokolea hela na mume wako hana haja ya kujua.

Ukifaulu, rudi kwa yule wa mtumba. Kukosekana kwa kitabu hakunisumbui, na mchubuko wa pembeni haukandi. Nitakuambia cha kuangalia, na usione aibu kumchelewesha muuzaji.

Ipindue usome kile kibati chini. Kiwe kimeandikwa 220 hadi 240. Ukiona 100, hiyo imetoka Japani, ukiona 120 imetoka Marekani, na zote mbili zitakuhitaji ununue transfoma au uziache hapohapo. Hili najua kwa pua yangu. Kabla ya ile ya Uingereza nilinunua moja nzuri, nyeupe, maandishi yote ya Kijapani, nikafika nyumbani nikaichomeka moja kwa moja ukutani. Ilizunguka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye kitu cha jikoni, sekunde kadhaa hivi, ikatoa harufu ya waya, na mkate wa kwanza wa maisha yangu ukaishia kuwa unga mkavu uliomwagika mpaka kwenye droo ya vijiko. Muuzaji hakuniambia na mimi sikuuliza.

Kisha toa chombo cha ndani. Kile kibawa cha kukandia kiwepo, maana bila hicho umenunua sanduku, na Kariakoo utazunguka mpaka viatu viishe kukipata kinacholingana. Shika mhimili ulio chini ya chombo uuzungushe kwa kidole: uzunguke laini, usicheze kushoto kulia. Mimina maji ndani, kiweke juu ya gazeti, mpige muuzaji stori nusu saa. Gazeti likilowa, raba ya chini imekufa, ondoka. Rangi ya ndani ikiwa imebanduka, hapo pia ondoka, mkate utanasa. Mwisho ichomeke, washa programu ya kukanda na maji na unga kidogo uliokwenda nao (ndiyo, nenda na unga kwenye mkoba, watakucheka, wacheke). Sikiliza. Mngurumo wa kuvuta ni sawa, mlio wa kukwaruza au mkanda unaoteleza siyo.

Kwa 120,000 hesabu nayo inabadilika. Ukiachana na pakiti ndogo za hamira ukanunua ile ya nusu kilo, tuseme 9,000, ukaihifadhi kwenye kopo ndani ya friji, hamira ya mkate mmoja inashuka mpaka shilingi kama 100. Unaokoa 625. Mikate 192 imelipa mashine, na hata kwa minne kwa wiki hujamaliza mwaka. Hapo maandazi na chapati hatujazihesabu.

Ukishaipata, nakupa machache ambayo kitabu, hata ungekuwa nacho, kisingekuambia, kwa sababu kiliandikwa na watu wa baridi.

Joto letu linafanya hamira kuwa na kiherehere. Ukifuata kipimo chao mkate utapanda mpaka uguse kifuniko, halafu udidimie katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Punguza hamira kwa robo, tumia maji ya friji siyo ya bombani, na chumvi usiinyime, ndiyo inayoishika hamira adabu. Wenzetu wa Mbeya na Arusha wana baridi, lakini wako juu, na huko juu nako mkate unapanda haraka kuliko kitabu kinavyosema. Nao wapunguze.

Unga. Mifuko mingi ya dukani imesagwa kwa ajili ya maandazi na chapati, nguvu yake ya kuvutika ni ya wastani. Mkate utatoka, ila hautakuwa mrefu kama wa kwenye picha ya boksi. Usiulaumu mkono wako wala mashine. Ukipata mfuko ulioandikwa ni wa mkate, chukua. Ukitaka ngano isiyokobolewa changanya nusu kwa nusu na nyeupe, ukiitia peke yake utapata tofali. Na dakika kumi baada ya kuwasha fungua kifuniko utazame: donge liwe la mviringo, linang'aa, linajigonga kwenye kuta bila kuacha tope. Likiwa kavu ongeza maji kijiko kimoja, likiwa uji ongeza unga kijiko kimoja. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini mimi, maana unga wetu leo mkavu kesho umevuta unyevu wa bahari.

Ile saa ya kujiwasha utaipenda. Unapakia saa nne usiku, unaamka saa kumi na moja mkate uko tayari. Tia maji kwanza, unga juu yake, hamira uichimbie kishimo katikati juu ya unga isiguse maji mpaka wakati wake. Siku hiyo usitumie maziwa mabichi wala mayai, kwa joto la Dar yatakuwa yameharibika kabla mashine haijaanza kukanda. Na usiiweke ukingoni mwa kaunta. Ikikanda inatembea.

Umeme ukikatika? Nyingi zina kumbukumbu ya dakika chache, kama kumi hivi, zikipita inasahau ilikuwa wapi na inaanza upya. Usiiruhusu ianze upya. Toa donge, lihamishie kwenye sufuria, liumuke, washa mkaa. Ndiyo maana nimekwambia ujifunze kuoka kwa sufuria kabla ya kununua mashine, ingawa hapo juu nilikupa sababu nyingine.

Mkate wako hautakuwa na dawa ya kuutunza, kwa hiyo siku ya tatu kwa unyevu huu utaona ukungu. Acha upoe kabla ya kukata, tumia kisu cha meno, na uliobaki ukate slesi utie kwenye friza. Friji ya kawaida inaukausha.

Sasa watu wako wa nyumbani.

Mama mkwe usibishane naye, maana amesema kweli kwa namna yake. Mtu wa umri wake alioka kwa kupalia makaa, na huo ni ujuzi ambao wewe utauhitaji kwenye zile wiki tatu. Mwombe akufundishe. Sifanyi ujanja hapa. Kujua makaa mangapi yakae juu na mangapi chini ya sufuria fulani ni jambo ambalo mimi nimeunguza mikate mingi kulijua, na yeye yuko sebuleni kwako analijua tayari. Akikuuliza kwa nini unataka mashine, mwonyeshe mkono wako mwambie unakufa ganzi. Nina hakika hajui. Nina hakika hata mume wako hajui, ndiyo maana alicheka.

Na huyo mwongoza watalii wetu ana mikono miwili mizima, au sikukuelewa? Kwenye zile wiki tatu, Jumapili ya kwanza mpe yeye kilo ya unga wa chapati akande. Yote, mpaka iwe laini, wewe kaa pale mlangoni na kikombe chako cha chai ya rangi. Kilo ya unga ni dakika kumi na tano za kukanda kwa nguvu. Usimseme wala usimtanie, mwache tu na unga.

Ile mashine ya juisi ya 2019 iuze. Na ile ya bisi. Mtapata nusu ya 120,000 kama si zaidi, na kwenye kabati la chini patakuwa na nafasi, ingawa huyu mgeni ukitaka aishi usimweke kule. Mpe pahali juu ya kaunta, karibu na soketi, achomekwe hapohapo siku zote. Cha jikoni kinachohitaji kuinama kukitoa, hukitoi.

Wiki ya tatu ikiisha niandikie uniambie daktari amesema nini na nani alikanda.

Mama Mdogo